Wanyama wa Kuliwaza Katika Ndege za Marekani

Miongoni mwa ruhusa ambazo dola ya Marekani imepata kuwapa wasafiri wa angani, ni chache zilizoanza kwa nia njema kuliko ile iliyomwezesha mtu mwenye maradhi ya nafsi kupanda ndege pamoja na mnyama wa kumliwaza, bila ya kumlipia ada wala kumfungia katika kisanduku. Na ni chache vilevile zilizochezewa hadharani kwa muda mrefu kama hiyo kabla ya walioitoa kuirudisha mikononi mwao. Wengi waliopata habari zake walizipata kwa upande wake wa mzaha tu, wakamcheka tausi aliyekataliwa uwanjani na bata aliyevikwa viatu vyekundu, kisha wakapita, ilhali jambo lenyewe lina historia ya karibu karne nzima, na ndani yake limo swali ambalo watunga sheria hawajalimaliza hata leo, nalo ni vipi haki itolewayo kwa kuaminiana itahifadhiwa pindi uaminifu wenyewe ukipata bei sokoni.

Asili ya ruhusa hiyo ni mbwa wa vipofu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliletewa kutoka medani vijana wengi waliopoteza macho, wakaanza kuwafunza mbwa kazi ya kuwaongoza, na mwaka 1916 chuo cha namna hiyo kikafunguliwa mjini Oldenburg. Mwaka 1927 Dorothy Harrison Eustis, bibi wa Kimarekani aliyekuwa akiishi Uswisi na kulea mbwa wa kazi huko, aliandika makala katika jarida la Saturday Evening Post kueleza aliyoyaona kwa macho yake katika chuo cha Potsdam, na makala hayo yalisomewa kijana kipofu wa Nashville, Morris Frank, ambaye alichoka kushikwa mkono na kuongozwa kama mtoto. Kijana huyo alimwandikia Bi. Eustis, akasafiri mpaka Uswisi, akarejea kwao mwaka 1928 na mbwa jike aitwaye Buddy, na Januari 29, 1929 wawili hao wakaasisi The Seeing Eye, chuo cha kwanza cha mbwa wa vipofu katika Marekani. Tangu hapo maisha ya Frank yalikuwa safari na mabishano, kwa maana hoteli, mikahawa na magari ya moshi ya zama zile yalimtambua Buddy kuwa mbwa tu, na mbwa mahali pake ni uani au katika behewa la mizigo. Mwezi Mei 1938 kampuni ya United Air Lines ilikubali kwamba mbwa wa chuo hicho wakae na wenyewe katika chumba cha abiria, naye Buddy akapanda ndege kutoka Chicago hadi Newark. Alifariki juma moja baadaye.

Katika tukio hilo la 1938 lipo jambo moja ambalo msomaji ataliona umuhimu wake mbele ya safari. Kazi ya Buddy ilionekana. Kila aliyekuwa na macho aliweza kumtazama akisimama penye kizingiti, akikwepa nguzo, akimkatalia bwana wake kuvuka njia wakati gari likija, na mwisho akilala miguuni pake bila ya kusumbua mtu. Kwa hiyo abiria wa kiti cha jirani hakuhitaji cheti wala kiapo kuamini kwamba mbwa yule ni macho ya mwenzake. Ithibati ilikuwa katika kitendo, na kitendo kilikuwa mbele ya watu wote.

Sheria ilichelewa sana kufuata desturi. Mwaka 1973 bunge la Marekani lilipiga marufuku kuwabagua walemavu katika shughuli zilizosaidiwa na fedha za serikali, na walemavu wakadhani kuwa ndege zimo, kwa sababu viwanja na minara ya kuongozea ndege hugharimiwa na hazina ya taifa. Chama cha askari wastaafu waliopooza kilibishana na Wizara ya Uchukuzi mpaka Mahakama ya Juu, na mwezi Juni 1986 mahakama ikahukumu kwamba kampuni za ndege si wapokeaji wa fedha hizo, basi sheria ile haiwahusu. Hukumu hiyo iliwaudhi watu hata bunge likajibu upesi kuliko ilivyo ada yake: tarehe 2 Oktoba mwaka uleule Rais Reagan alitia sahihi sheria mahususi ya kuwakataza wenye ndege kumbagua abiria kwa sababu ya ulemavu. Kanuni za kuitekeleza zilitoka mwaka 1990, na humo mliandikwa kwamba mnyama wa kumsaidia mlemavu atakubaliwa kwa kitambulisho, au kwa hati, au kwa hatamu na alama alizovikwa, au kwa kauli ya kuaminika ya mlemavu mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ya insafu kabisa. Kipofu hakupaswa kuombwa hati ya upofu wake kila apandapo ndege. Lakini humo humo ndimo ulimoachwa mlango wazi.

Mkondo wa pili wa habari hii watoka mbali na vipofu. Tangu mwaka 1796, katika nyumba ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa na William Tuke mjini York, Uingereza, wagonjwa waliachiwa sungura na kuku uani ili nyoyo zao zitulie kwa kuwatunza. Na Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi, alisema kuwa kijinyama kidogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa wa muda mrefu. Mtu aliyeligeuza wazo hilo kuwa elimu ni Boris Levinson, tabibu wa nafsi za watoto mjini New York, ambaye aligundua kwa bahati kuwa mtoto mzito wa kusema alikunjuka mbele ya mbwa wake aitwaye Jingles kuliko alivyokunjuka mbele ya tabibu. Alipowasimulia wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1960 baadhi yao walimfanyia dhihaka, mmoja wao akitaka kujua eti mbwa hugawiwa fungu gani katika malipo. Levinson hakutishika, akaendelea kuandika, na wanafunzi wa elimu yake wakaongezeka.

Mikondo hii miwili ilikutana katika ndege. Mwongozo wa wizara wa mwaka 1996, na kwa uwazi zaidi ule wa Mei 2003, ulikiri kwamba wako wagonjwa ambao mnyama huwasaidia kwa kuwapo kwake tu, pasina kufunzwa kazi yoyote, na kwamba mnyama huyo naye ahesabiwe katika jumla ya wanyama wa kusaidia walemavu, mradi mwenyewe alete waraka wa tabibu ukitakiwa. Ukilipima neno hili kwa mizani ya huruma halina kasoro, maana hofu ya mtu aliyerudi vitani au aliyenusurika katika ajali haina budi kuitwa ugonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuauniwa. Kasoro yake ni ya namna nyingine: mpaka siku hiyo sheria ilikuwa ikiuliza mnyama hufanya nini, na tangu siku hiyo ikaanza kuuliza bwana wake huona nini moyoni; jambo la kwanza lina mashahidi, na la pili shahidi wake ni mmoja, naye ndiye mwenye kudai.

Dalili ilikuwa imekwisha kuonekana. Tarehe 17 Oktoba 2000 ndege ya US Airways ilitoka Philadelphia kwenda Seattle ikiwa imembeba katika daraja la kwanza nguruwe ambaye, kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa wakati ule, kampuni iliambiwa kwa simu kuwa ana uzito wa ratili 13, na magazeti yakamkadiria kuwa na ratili 300. Wenyewe walikuwa na barua ya tabibu. Safari yote ya saa sita nguruwe alilala kwa adabu, bali ndege ilipokuwa ikiingia kituoni aliamka, akapiga makelele, akakimbia huku na huko akijaribu hata kupenya katika chumba cha marubani. Kampuni ikaapa kwamba halitatokea tena. Serikali nayo ikachunguza, ikaona kuwa wafanyakazi walitenda kwa busara kuhusu ombi la abiria mlemavu na mnyama wake, wala hapakuwa na kosa. Mimi naliona tukio hili kuwa kubwa kuliko matukio yote ya baadaye yaliyovuma zaidi, kwa kuwa ndipo ilipodhihirika kwamba mtumishi wa kampuni, akimwona mnyama mwenye ukubwa wa samani mlangoni, na mkononi mwa mwenyewe akiona karatasi yenye sahihi ya tabibu, ataiogopa karatasi kuliko mnyama.

Mwaka 2008 wizara ilijaribu kuubana mlango. Kanuni mpya, zilizoanza kutumika Mei 2009, zilitaka barua ya tabibu wa nafsi mwenye leseni, isiyozidi umri wa mwaka mmoja, ikisema kuwa abiria ana ugonjwa unaotambuliwa katika kitabu rasmi cha maradhi ya akili na kwamba mnyama anahitajika. Abiria atoe habari saa 48 kabla ya safari. Na kampuni isilazimike kuchukua nyoka na watambaao wengine, jamii za panya, cheche wala buibui. Kampuni za kigeni ziendazo Marekani zililazimishwa kupokea mbwa peke yake, jambo ambalo halikuwa jepesi kwa mataifa ambayo mbwa kwao ni najisi mate yake. Lakini haifai kudhani kwamba ndege za mashariki hazijui mnyama katika kiti cha abiria, kwani katika ndege za Ghuba vipanga wa kuwinda wamepata kusafiri wamefunikwa macho, kila mmoja na hati yake, na abiria wengine wakaona ni jambo la kawaida. Ila kipanga hulipiwa, wala hakuna adaiye kuwa ni tabibu wake.

Na malipo ndiyo kiini cha yaliyofuata. Mwaka uleule wa 2008, kwa sababu ya bei ya mafuta, kampuni kubwa za Marekani zilianza kutoza ada hata kwa begi la kwanza la abiria, na mbwa au paka wa nyumbani aliyewekwa chini ya kiti akawa hulipiwa dola kama 100 au 125 kwa safari ya upande mmoja. Mnyama wa kuliwaza hakulipiwa kitu. Juu ya hayo hakulazimika kuingia katika kisanduku. Alikaa mapajani au miguuni mwa bwana wake kama mwana wa nyumba. Basi kila mwenye kijibwa alifanya hesabu yake, na wafanyabiashara wakaifanya kabla yake: katika intaneti yakatokea maduka yaliyouza vizibao vyenye maandishi ya fahari, vitambulisho vyenye picha ya mbwa, na nafasi katika daftari za kitaifa ambazo hakuna taifa lililozitambua. Mengine yalimpatia mteja maswali machache ya kujibu, kisha tabibu asiyepata kumwona, pengine wa jimbo la mbali, akamwandikia barua kwa bei isiyozidi sana ada ya safari moja au mbili. Barua hiyo haikuwa ya kughushi. Leseni ilikuwa halali na sahihi ilikuwa halali. Kilichokosekana ni mgonjwa.

Sitaki kumhukumu kila aliyenunua barua hizo kuwa mlaghai. Wako waliokuwa na fadhaa ya kweli ya kuruka angani, wako waliomwogopea mbwa wao kusafirishwa pamoja na shehena, ambako wanyama wengine wamekufa, na wako, nadhani ndio wengi, waliojiona wametozwa kupita kiasi kwa kila kitu mpaka wakahalalisha kujirudishia kidogo. Mwandishi Patricia Marx wa jarida la The New Yorker alifanya mzaha wenye faida mwaka 2014 alipoazima kasa, nyoka, bata mzinga, alpaka na nguruwe, akawachukua kwa zamu katika mahali ambapo wanyama hawaruhusiwi, huku akionyesha barua. Alipokewa kwa heshima ajabu. Mwezi uliofuata nguruwe mwingine, asiye wa mzaha, aliteremshwa pamoja na mwenyewe kutoka katika ndege huko Connecticut baada ya kuichafua kabla haijaondoka.

Hapo picha zikaanza kutembea duniani. Oktoba 2016 bata aitwaye Daniel alisafiri kutoka Charlotte kwenda Asheville akiwa na viatu vyekundu na nepi, na abiria wakampenda. Januari 2018 tausi aitwaye Dexter alifikishwa uwanja wa Newark na United wakamkataa kwa uzito na ukubwa wake, wakisema wamekwisha kumweleza mwenyewe mara tatu kabla hajafika. Oktoba ya mwaka huo ndege nzima iliyokuwa Orlando ikielekea Cleveland ilibidi iteremshe watu wake kwa ajili ya kindi mmoja. Mwenye kutazama mambo kwa ajili ya kucheka alikuwa na neema.

Waliokuwa kazini hawakucheka. Juni 2017, katika ndege ya Delta iliyokuwa ikijiandaa kutoka Atlanta kwenda San Diego, mbwa aliyechukuliwa kwa sifa ya kuliwaza alimshambulia abiria wa kiti cha dirishani na kumjeruhi vibaya usoni, na mtu yule hakuwa na pa kukimbilia. Januari 2018 Delta ilitangaza kwamba huchukua wanyama wa msaada na wa kuliwaza wapatao 700 kila siku, na kwamba visa vya kuuma, kukojoa na kunya viliongezeka kwa asilimia 84 tangu mwaka 2016. Ikawataja bata mzinga, nyoka na buibui miongoni mwa walioletwa mlangoni. United ilisema kuwa wanyama wake wa kuliwaza walitoka 43,000 mwaka 2016 wakafika 76,000 mwaka 2017. Jumuiya ya kampuni za ndege ilikadiria 751,000 katika nchi nzima kwa mwaka huo wa 2017, zaidi ya mwaka uliotangulia kwa asilimia 56. Maradhi ya nafsi hayaenei kwa kasi hiyo katika miezi 12.

Walioumia zaidi, nao hawakuwa na picha za kuchekesha, ni vipofu na walemavu wengine wenye mbwa waliofunzwa. Mbwa wa kipofu huchukua muda mrefu na mali nyingi kumwandaa. Akibwekewa na kurukiwa katika uwanja wa ndege na mbwa asiyefunzwa lolote, huweza kupata woga usiotoka, na mbwa mwoga hawezi tena kazi yake. Kisha heshima nayo ilipungua. Wahudumu waliokwisha kudanganywa mara nyingi walianza kumtazama kila mwenye mbwa kwa jicho la shaka, hata yule mwenye fimbo nyeupe, na abiria wakanong'ona kama walivyonong'ona watu wa mabehewa ya mwaka 1929.

Majimbo yalitunga adhabu. Florida, kwa mfano, tangu Julai 2015 ilimfanya mwenye kudai kwa uongo kuwa mbwa wake ni wa msaada kuwa mkosaji wa kutozwa faini hadi dola 500 au kufungwa hadi siku 60, pamoja na saa 30 za kuwatumikia walemavu. Sheria za namna hiyo zilikuwa na sauti kubwa na mkono mfupi, kwani mkuu wa mashitaka angehitaji kuthibitisha yaliyomo moyoni mwa mtu. Kampuni nazo zilijaribu kwa njia zao: Delta ilidai hati za chanjo na za adabu, ikapiga marufuku mbwa wa jamii ya pit bull Julai 2018 baada ya wafanyakazi wake wawili kuumwa, na wizara ikasema kuwa kumkataza mbwa kwa nasaba yake si halali. Oktoba 2018 bunge liliiamuru wizara ikate shauri.

Ilikata baada ya miaka miwili na maoni ya watu zaidi ya 15,000. Kanuni iliyotangazwa tarehe 2 Desemba 2020, na kuanza kutumika Januari 11, 2021, inasema kuwa mnyama wa msaada katika ndege ni mbwa, si mwingine, naye awe amefunzwa yeye binafsi kazi ya kumsaidia mlemavu. Mbwa wa mgonjwa wa akili aliyefunzwa kazi, kama kumwamsha bwana wake katika jinamizi au kumkumbusha dawa, ana haki sawa na mbwa wa kipofu; anayeliwaza kwa kuwapo tu ni mnyama wa nyumbani, na kampuni ina hiari ya kumtoza. Alaska Airlines ilikuwa ya kwanza kutangaza kuwa haitawapokea tena, na nyingine kubwa zikafuata katika majuma machache. Paka wakarudi katika visanduku vyao chini ya viti, na ada zikarudi kwa wenye ndege, ambao wizara ilikadiria wataokoa baina ya dola milioni 15.6 na milioni 21.6 kila mwaka.

Huenda ikadhaniwa kwamba mlango umefungwa. Abiria mwenye mbwa wa msaada sasa hujaza fomu ya serikali, akitaja chanjo ya kichaa cha mbwa, jina la tabibu wa wanyama, na aliyemfunza mbwa huyo. Na safari ikiwa ya saa nane au zaidi, huongeza fomu ya pili ya kueleza jinsi mbwa atakavyojizuia au kujisaidia bila ya kuwadhuru wengine. Mwenye kuandika uongo kwa kujua hutenda jinai. Lakini hakuna mtihani wa taifa wa mbwa hao, wala chuo kimoja kinachowapa shahada, na mwenye mbwa ana ruhusa ya kumfunza mwenyewe nyumbani kwake. Kwa hiyo fomu, pamoja na mihuri na vitisho vyake, ni kauli ya mlemavu ile ile ya mwaka 1990 iliyowekwa katika maandishi. Maduka ya intaneti yalilielewa hilo upesi, yakaacha kuuza barua za kuliwaza kwa safari za ndege, yakaanza kutoa barua na mafunzo ya mbwa wa maradhi ya akili. Vyama vya vipofu wenye mbwa vikalalamika kwamba watu wao, ambao hawakupata kumdanganya mtu, ndio sasa wanaodaiwa karatasi kwa kosa la wengine, na kwamba kipofu aliyeitwa ghafula kwenye msiba atatakiwa ajaze fomu ambayo hawezi kuiona kabla ya kwenda kuzika.